Kiwanda Kuwa Kwetu Siyo Kuwa Chetu
Hotuba kwa wanachama juu ya kiwanda cha alumini cha Ghana



Katika mikutano yetu, neno "kiwanda" likitajwa, watu hupiga makofi. Ni haki yao. Nchi isiyo na viwanda huuza jasho lake kwa bei rahisi na kununua jasho la wengine kwa bei ghali, na mwisho wa mwaka haioni fedha zilikokwenda. Lakini leo tunaomba makofi yangoje kidogo. Tumekuja kuwaeleza habari za kiwanda kimoja, tangu kilipokuwa wazo tu mpaka siku hizi zetu, ili kila mwanachama apate kipimo cha kupimia kiwanda chochote tutakachoahidiwa.

Kiwanda chenyewe kiko Ghana, katika mji wa bandari wa Tema, karibu na Accra. Jina lake ni Volta Aluminium Company, nao wenyeji hulifupisha wakaliita Valco. Kilianza kutoa alumini mwaka 1967. Tumekichagua hiki kwa sababu Ghana ilikuwa mwenge wetu. Bendera ya mkoloni iliposhushwa Accra tarehe 6 Machi 1957, Waafrika wengi waliokuwa bado chini ya kongwa walisema, "Kumbe yawezekana!" Na kiwanda hiki ndicho kilichotarajiwa kuonyesha ya kwamba nchi huru ya Mwafrika yaweza pia kujitegemea kwa mali.

Kwanza tuelewane juu ya alumini. Hakuna mtu hapa asiyeijua. Sufuria unayopikia ugali ni alumini, na nyaya kubwa za umeme zinazopita porini ni alumini. Asili yake ni udongo mwekundu uitwao boksiti. Tani nne za udongo huo hivi, zikisafishwa, hutoa tani mbili za unga mweupe uitwao alumina. Na tani mbili za unga hutoa tani moja tu ya alumini. Kuugeuza unga kuwa alumini hakufanywi kwa kuni wala kwa makaa tu. Unga hutiwa katika vyungu vikubwa vilivyopangwa safu safu, kisha umeme mwingi hupitishwa ndani yake usiku na mchana bila kukoma. Kilo moja ya alumini hula uniti 15 hivi za umeme. Umeme ukikatika kwa saa chache, madini huganda ndani ya chungu, na kukifufua chungu kilichoganda ni kazi na hasara kubwa. Kwa hiyo mwenye kiwanda cha namna hii hutafuta kwanza mto wenye nguvu, na bei nafuu ya umeme wa mto huo.

Ghana ina udongo mwekundu, tena ina mto Volta. Mwaka 1915 mtaalamu wa miamba wa serikali ya kikoloni, Albert Kitson, aliona mahali pafaapo bwawa katika bonde la Akosombo. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuwa na upungufu wa dola. Wakataka alumini itokayo katika makoloni yao, ili wasiilipie kwa dola. Mwaka 1952 serikali ya London ikatoa mpango wake, na mwaka 1956 tume iliyoongozwa na Robert Jackson ikamaliza uchunguzi. Mpango huo ulitaka mambo yote yaende pamoja: machimbo ya udongo, kiwanda cha kusafishia unga, bwawa, na kiwanda cha kuyeyushia. Gharama zilipojulikana kuwa kubwa, na shida ya dola ilipopungua, wakubwa hao wakapoa. Ghana ikapata uhuru wake ikirithi makaratasi ndani ya kabati.

Kwame Nkrumah hakukubali makaratasi yale yaliwe na mchwa. Mwaka 1958 alikwenda Marekani, akazungumza na serikali ya Eisenhower, na wahandisi wa kampuni ya Kaiser wakaombwa kuutazama mpango upya. Mwaka 1959 wakaleta mpango wao. Bwawa lilisogezwa kutoka Ajena likawekwa Akosombo, na gharama zikapungua. Lakini ndani ya punguzo hilo mlikuwa na jambo ambalo tunawaomba mlishike vizuri. Machimbo yaliachwa. Kiwanda cha kusafishia unga kiliachwa. Kilichobaki ni bwawa, ambalo Ghana ingelijenga, na kiwanda cha kuyeyushia, ambacho kampuni ingekijenga Tema na kukiletea unga wake kutoka ng'ambo. Kampuni mpya ya Valco ikaundwa, asilimia 90 ikiwa ya Kaiser na asilimia 10 ya Reynolds, zote za Marekani. Ghana haikuwa na hisa hata moja.

Mkataba mkubwa ulitiwa sahihi mwaka 1962. Kampuni iliahidiwa umeme kwa miaka 30. Bei yake ilikuwa mills 2.625 kwa uniti, na mill ni sehemu moja ya kumi ya senti ya dola. Basi uniti moja ilipata robo ya senti na ziada kidogo. Pigeni hesabu: umeme wa kuyeyushia kilo nzima ya alumini ulilipiwa senti nne hivi! Na juu ya hayo kampuni ilipewa nafuu kubwa ya kodi, na ruhusa ya kuingiza unga kutoka nje bila ushuru.

Sasa atasimama mtu aseme, "Nkrumah alidanganywa." Sisi hatusemi hivyo, na tunawaomba msiondoke hapa mkisema hivyo. Bwawa lilihitaji fedha ambazo Ghana peke yake haikuwa nazo. Serikali ya Ghana ilitoa nusu, na nusu nyingine ilitoka kwa Benki ya Dunia, Marekani na Uingereza. Hao wakopeshaji hawakutaka kutoa senti mpaka waone mnunuzi wa umeme aliye hakika, awezaye kulipa kwa dola kwa miaka mingi. Mnunuzi huyo alikuwa mmoja tu. Ndugu, mkulima akifika sokoni na mzigo unaooza, akamkuta mnunuzi mmoja, bei haitajwi na mkulima. Hilo silo kosa la akili ya mkulima. Ni ubaya wa soko lenyewe. Ukoloni mamboleo hauji na bunduki. Huja na kalamu, ukijua ya kwamba huna mahali pengine pa kwenda.

Bwawa lilijengwa na kampuni ya Kitaliani iitwayo Impregilo, na Nkrumah akalifungua tarehe 22 Januari 1966. Tarehe 24 Februari, mwezi mmoja na siku mbili baadaye, wanajeshi na polisi waliipindua serikali yake naye akiwa safarini. Kiwanda kilipotoa alumini ya kwanza mwaka uliofuata, aliyekihangaikia kuliko wote alikuwa Guinea, uhamishoni.

Tuseme haki juu ya mema, maana Chama kisichosema haki hakiaminiwi kikisema ubaya. Dola za Valco zilisaidia kulipa deni la bwawa. Bwawa liliwapa Waghana umeme katika miji yao wakati nchi nyingi za jirani zikiwasha vibatari, na tangu mwaka 1972 hata Togo na Dahomey, iitwayo Benin siku hizi, zilinunua umeme wa Akosombo. Tema, kijiji cha wavuvi, kilikuwa mji wa bandari na viwanda. Kiwanda kilikua mpaka kikawa na safu tano za vyungu, na uwezo wa kutoa tani 200,000 kwa mwaka. Maelfu ya watu wa Tema walikula kwa mshahara wake, na kadiri miaka ilivyopita, Waghana wenyewe walizishika kazi za ufundi zilizokuwa mwanzoni mikononi mwa wageni. Kampuni ya Aluworks, hapo hapo Tema, ilinunua alumini ya Valco na kuisaga kuwa mabamba ya kuezekea na ya kutengenezea sufuria. Tena kulikuwa na mfuko uliotoka katika mapato ya kampuni kwa ajili ya kazi za jamii, na mpaka leo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Coast hulala katika bweni liitwalo Valco. Hayo ni kweli, na hakuna atakayeyafuta.

Lakini tukimaliza kuhesabu waliopata, hatuna budi kuhesabu waliotoa. Maji yaliyozuiliwa Akosombo yalifanya ziwa la kilomita za mraba 8,500 hivi. Chini ya maji hayo kulikuwa na vijiji zaidi ya 700. Watu wapatao 80,000 waliondolewa penye mashamba yao na makaburi ya wazee wao, wakajengewa miji mipya 52. Nyumba waliyopewa ilikuwa na chumba kimoja kilichokamilika na misingi ya vyumba vingine, ili mwenyewe amalizie. Waliahidiwa mashamba ya kulimwa kwa matrekta. Mashamba yalichelewa, na mengine hayakutosha. Wengi waliihama hiyo miji mipya wakatafute maisha kwingine. Waliobaki, wengi wao walikaa miaka na miaka gizani, nao ndio walioutoa mto uliowasha taa za wengine.

Na chini ya bwawa? Huko Tongu, wanawake walikuwa na kazi yao ya asili ya kupiga mbizi na kuokota chaza wa mtoni, wakiwauza sokoni na kusomesha watoto. Mto ulipoacha kufurika na kupungua kwa majira yake, chaza walipotea, na pamoja nao kazi ya akina mama wale. Kando ya ziwa, katika maji yaliyotulia, konokono walizaana na kichocho kikaenea kwa watoto. Wavuvi walipata samaki wengi katika ziwa jipya, tunakubali. Lakini katika mkataba wa bei ya umeme, mama wa Tongu hakuwamo. Robo ya senti ile ilionekana rahisi kwa sababu sehemu nyingine ya bei ililipwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Sasa tuje kwenye udongo. Boksiti ilikuwa ikichimbwa Awaso, magharibi ya Ghana, tangu wakati wa vita kuu ya pili. Valco ilipoanza kazi, je, udongo wa Awaso ulikwenda Tema? La. Uliteremshwa kwa reli mpaka bandari ya Takoradi, ukapakiwa melini kwenda Ulaya, na kwa miaka mingi Scotland ilikuwa mmoja wa wapokeaji wake. Na unga uliolisha vyungu vya Tema ulivushwa bahari ya Atlantiki, kutoka viwanda vya Kaiser vilivyotumia udongo wa Jamaica. Meli moja ikiondoka Ghana na udongo wa Mwafrika, meli nyingine inaingia Ghana na unga wa mgeni! Na alumini ikishatoka, sehemu kubwa ikipakiwa tena kwenda nje. Katika safari yote hiyo Ghana iliuza vitu viwili tu: nguvu ya maji na nguvu ya mikono. Na nguvu ya maji, tumekwisha kuona bei yake.

Katika miaka ya sabini bei ya mafuta ilipanda duniani pote, na umeme ukawa ghali kila nchi. Waghana wakaona jambo la ajabu: kiwanda kinatumia zaidi ya nusu ya umeme wa Akosombo, lakini fundi cherehani wa Kumasi hulipa uniti moja mara nyingi zaidi ya kampuni. Ukame wa mwaka 1983 na 1984 ulipopunguza maji ya ziwa, kiwanda kilizimwa, na taifa zima likajua ya kwamba mto una mwisho.

Hapo ndipo Waghana walipofanya jambo la kuwasifia. Hawakutukana, wala hawakuvunja madirisha. Serikali ya Rawlings iliwakusanya wanasheria, wahandisi na wachumi wa nchi yenyewe, wakausoma mkataba neno kwa neno, kisha wakaketi na kampuni. Mazungumzo yalichukua miaka. Mwaka 1985 bei mpya ilikubaliwa: mills 17 kwa uniti, zaidi ya mara sita ya bei ya mwanzo. Na mwaka 1986 mambo ya mazungumzo hayo yalichapishwa kitabuni, Fui Tsikata akiwa mhariri, ili wananchi wasome. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ghana ilifungua daftari, na mali ikaanza kuonekana.

Wako wengine wasemao, "Dawa ni moja tu: serikali ikitwae kiwanda, mambo yaishe." Hawa nao tuwajibu kwa yaliyotokea. Mkataba wa miaka 30 ulifika ukingoni mwaka 1997. Umeme ulikuwa haba, maana watu na miji walikuwa wameongezeka, na mazungumzo ya bei yakawa magumu. Mwaka 2003 kampuni ilikizima kiwanda, na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Mwaka 2004 serikali ya Ghana ilinunua zile hisa 90 za Kaiser, na mwaka 2008 ikamalizia 10 zilizobaki, ambazo zilikuwa zimekwenda kwa Alcoa. Ikawa Valco yote ni ya Ghana. Je, moshi ulifuka siku ile ile? Kiwanda kilikuwa kimewashwa kidogo, kikazimwa tena mwaka 2007. Na kilipowashwa mwaka 2011 ilikuwa safu moja tu katika tano, yaani sehemu ya tano ya uwezo wake. Mitambo ilikuwa imezeeka, umeme ulikuwa haba na ghali, na unga bado ulinunuliwa ng'ambo. Ufunguo wa lango ulikuwa mikononi mwa mwenye nchi, ila chakula cha vyungu kilikuwa bado mikononi mwa wengine.

Ndiyo sababu mwaka 2018 Bunge la Ghana lilipitisha sheria ya kuunda shirika la taifa la kushughulikia udongo, unga na alumini pamoja. Tazameni, ndugu! Baada ya karibu miaka 60, nchi imerudi kwenye wazo lile lile lililofutwa mwaka 1959: udongo wetu, unga wetu, umeme wetu, alumini yetu. Wazo hilo halikuwa ndoto. Lilifutwa kwa sababu halikumfaa yule aliyekuwa tayari na udongo wake na unga wake kwingine.

Basi sisi tunachukua nini? Hatusemi wageni wasije. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini kabla ya kumpikia mgeni jogoo, na tuulize mwenyeji atapona vipi. Sisi katika Tanzania tumejenga bwawa kubwa katika mto Rufiji, liitwalo kwa jina la Mwalimu Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, na mitambo yake ya kwanza ilianza kutoa umeme mwaka 2024. Uwezo huo ni zaidi ya mara mbili ya ule wa Akosombo. Wenye viwanda vikubwa wataufuata umeme huo kama nyuki wafuatavyo maua, na wengine watakuwa wanunuzi wazuri. Siku hiyo tusiulize tu kiwanda kitaajiri watu wangapi. Tuulize uniti moja itauzwa kwa bei gani, na kwa miaka mingapi bila kubadilishwa. Tuulize malighafi itatoka wapi, na kama iko kwetu, kwa nini isitoke kwetu. Tuulize ukame ukija, nani atazimiwa wa kwanza, hospitali au tanuri. Na tuulize juu ya yule anayeishi kando ya mto na chini ya mto, amepewa nini, lini, na nani ataulizwa asipopewa.

Maswali hayo si ya wataalamu peke yao. Mama auzaye samaki hujua kuuliza bei, hujua kupima, na hujua kukataa. Ujuzi huo ndio unaotakiwa mikatabani. Kazi ya mwanachama ni kudai mkataba usomwe hadharani kabla haujatiwa sahihi, maana wino ukishakauka, kuufuta kwaweza kuchukua umri wa mtu. Waghana waliosubiri mills 17 tangu mwaka 1962 walisubiri miaka 23. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa mkataba alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima.

Na jambo la mwisho. Tusiwacheke ndugu zetu wa Ghana. Walitangulia, na mtangulizi ndiye akanyagaye miiba. Walitaka kiwanda wakapata kiwanda, walitaka bei ya haki wakaipigania mpaka wakaongezewa, na wangali wanapigania kuunganisha udongo na umeme wao. Deni letu kwao ni kutokanyaga miiba ile ile huku tukiiona kwa macho.

Ndugu wanachama, sasa mwaweza kupiga makofi, ila msiwapigie wasemaji. Wapigieni wafanyakazi wa Tema waliovilinda vyungu vile usiku na mchana, na watu 80,000 walioutoa mto wao.

Uhuru na Kazi!